Kilomita Tisini za Mama Kanji

Walimwita Mama Kanji kwa sababu mbili, na aliyekueleza ya kwanza aliichelewesha ya pili mpaka ahakikishe mwenyewe hayupo karibu. Ya kwanza ilikuwa kola alizozitia kanji, ule uji wa wanga. Shati likitoka kwenye chumba chake cha udobi, nyuma ya ofisi ya posta, kola yake ilisimama wima kama askari wa gwaride. Ya pili ilikuwa shingo yake mwenyewe, iliyokuwa ngumu kuliko kola yoyote aliyowahi kuipiga pasi. Akishasema hataki, hata umchemshe halegei.

Chumba chenyewe kilikuwa na masinki mawili ya saruji, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi nne, na kwa nyuma ukumbi mdogo wa kuanikia wenye kamba saba. Tuseme tano. Kamba mbili zilikuwa zimetekwa na mtumbwi.

Mtumbwi ulikuwa wa mumewe, aliyeitwa Kamanda. Huyu hakuwahi kuwa askari hata wa kulinda geti. Alikuwa mtunza stoo wa idara ya barabara kwa miaka ishirini na minane, na waliokuwa chini ya amri yake ni makoleo, mafagio na makopo ya rangi, ambayo kusema kweli hayakuwahi kumgomea. Alipostaafu, amri zake zilikosa pa kwenda, zikahamia nyumbani.

Sasa, katika mji ule, kila mwaka mvua zikiisha na mto ukiwa umejaa lakini umetulia, hufanyika mashindano ya mitumbwi. Ni kilomita tisini, watu wawili kwa kila mtumbwi. Wanaondoka saa kumi na mbili jioni, wanapiga kafi usiku kucha, na anayefika baada ya saa nne asubuhi hahesabiwi. Kwa mdomo, Kamanda alikuwa bingwa wa mashindano hayo kwa miaka kumi na mmoja mfululizo. Kila jioni, kwenye benchi la bucha, aliwafafanulia watu wapi mto unapinda, wapi unadanganya, na kwa nini waliomaliza wa kwanza mwaka uliopita walibahatisha tu. Kila mwaka alipaka mtumbwi vanishi. Na kila mwaka, wiki ya kujiandikisha ikifika, jambo lilizuka: mgongo, harusi ya binti yao, mgongo tena, msiba wa jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana naye.

Mwaka wa kumi na mbili, mwenye bucha alichoka. Akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya mashindano, akaandika majina mawili, lake na la Kamanda, kisha akatangaza habari hiyo benchi likiwa limejaa. Kamanda alimshukuru sana. Alimshukuru mpaka sauti ikamkauka.

Siku mbili kabla ya mashindano, aliingia udobini na uso wa huzuni.

"Mwenye bucha kapata jipu," alisema.

"Pole yake," alijibu Mama Kanji, pasi mkononi. "Limekaa wapi?"

"Pale pa kukalia."

"Basi hawezi."

"Hawezi kabisa." Kamanda akashusha pumzi ndefu. "Inaniuma, mke wangu. Na mwaka huu nilikuwa nimeiva."

Mama Kanji alimtazama. Miaka thelathini na miwili ya ndoa ilimfundisha kuzisikiliza pumzi za mtu huyu kuliko maneno yake, na pumzi hii haikuwa ya mtu anayeumia. Ilikuwa ya mtu aliyevua viatu vinavyombana. Pengine angeiacha ipite. Lakini nyuma ya kichwa cha mumewe aliuona mtumbwi, umelala juu ya kamba zake mbili, na kando yake mashuka ya nyumba ya wageni yamebanana kwenye kamba tano kama abiria. Shingo ikakaza.

"Nitakaa mimi," akasema.

"Utakaa wapi?"

"Nafasi ya mwenye bucha. Mimi sina jipu."

Kamanda alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akaanza kuhesabu vikwazo kwa vidole. Baridi ya usiku. Umri. Mikono: kafi linataka mikono. Mama Kanji aliweka pasi chini, akatoa blanketi zito kwenye sinki, akalinyonga mara moja tu, maji yakamwagika yote kwa mkupuo. Kamanda akaacha suala la mikono, akahamia kwenye ujuzi.

"Kafi lenyewe umewahi kulishika?"

"Nikiwa msichana nilivusha nguo za watu mtoni kila siku, kwenda na kurudi. Mama yangu alikuwa dobi wa ng'ambo. Hujawahi kuniuliza."

Ilikuwa kweli kabisa. Alimuuliza mengi katika ndoa yao, hasa soksi zake ziko wapi, lakini hilo hakuwahi kumuuliza. Kesho yake asubuhi Mama Kanji alifunga udobi kwa saa moja, akaenda ofisi ya mashindano na kubadilisha jina la mwenye bucha kwa lake.

Jioni ya mashindano, mitumbwi arobaini na mmoja ilijipanga chini ya daraja. Wengi walikuwa vijana waliovaa nguo za kubana, wenye maji ya kunywa ndani ya mipira iliyopita begani hadi mdomoni. Kamanda alikuja na kofia pana, filimbi shingoni, na ramani aliyoichora mwenyewe, ameifunga ndani ya nailoni. Alikaa nyuma, kwa kuwa wa nyuma ndiye anayeongoza mtumbwi. Mama Kanji alikaa mbele, amevaa jaketi la kuokolea maisha juu ya sweta la kazini. Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepanga kuwafuata kwa gari na kuwasubiri kwenye vituo vitatu akiwa na chai, mayai ya kuchemsha na nguo kavu.

"Mama, ukichoka useme," alimwambia.

"Mwambie baba yako. Mimi kesho kutwa nina mashuka."

Bunduki ya kuanzishia ikalia, na maji yote yakachafuka kwa makafi.

Saa mbili za mwanzo zilikwenda vizuri, kama ukiondoa kelele. Kamanda alikuwa anahesabu: "Moja! Mbili! Moja! Mbili!" Kwa sauti ile hata samaki walipata mazoezi. Kila walipopitwa, alieleza kwa nini waliowapita watakwisha pumzi. Walipitwa na mitumbwi thelathini, na kwa maelezo yake yote thelathini ilikuwa imekwisha. Mama Kanji alivuta kafi. Mabega yake yalikuwa yameanza kukumbuka jambo la zamani, ule mvuto mrefu unaoanzia kiunoni, na alishangaa jinsi lilivyokuwa pale muda wote likimsubiri. Jua likazama, rangi ya maji ikatoka, na taa ndogo za mitumbwi ya mbele zikazidi kuwa chache.

Kituo cha kwanza walikunywa chai wamesimama na kuondoka. Giza likaingia kikweli. Mama Kanji aligundua kwamba kuhesabu kumepungua sauti, halafu kumepungua kasi, halafu kumekuwa ni "moja" tu bila "mbili".

"Uko sawa huko nyuma?"

"Niko sawa! Natafakari njia."

Njia aliyotafakari ilikuwa ya mkato. Mto ulipogawanyika pande mbili, taa za mbele zote zilikwenda kulia. Kamanda akasema kushoto, ramani inaonyesha kushoto.

"Huko maji hayasemi kitu," alisema Mama Kanji. "Sikiliza. Yamelala."

"Mke wangu, nimeusoma mto huu miaka kumi na mmoja."

"Ukiwa umekaa kwenye benchi."

Walikwenda kushoto, kwa kuwa aliyeshika usukani ni yeye. Baada ya nusu saa matete yalianza kuwapapasa mabegani. Baada ya saa nzima walikuwa wamezungukwa, na mtumbwi unaburuza tumbo kwenye tope. Hapo ndipo kitu kikubwa, cheusi, kilipopumua mbele yao.

"Kiboko!" alipiga kelele Kamanda, akasimama, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

Mtumbwi si kitu cha kusimamia. Uligeuka mara moja, bila ubishi. Mama Kanji alijikuta ndani ya maji, miguu ikitafuta chini, na chini kukapatikana upesi: maji yalimfika mapajani. Akawasha tochi ya kichwani. Mbele yao alisimama ng'ombe, matete yananing'inia mdomoni, akiwatazama kama mwenye nyumba anavyowatazama wageni wasiobisha hodi. Akalia mara moja, akaendelea kula.

Mama Kanji alicheka mpaka akashika kiuno. Aligeuka amwambie mumewe kitu, na kicheko kikakatika.

Kamanda alikuwa ameukumbatia mtumbwi kwa mikono miwili, amefumba macho. Maji hayakumfika hata kiunoni, lakini alikuwa ameushika kama mtu anayening'inia ghorofani.

"Baba," alimwita, jina alilomwita walipokuwa wawili tu. "Simama. Maji ni ya hapa."

"Najua."

"Basi achia."

"Nimejaribu. Mikono haitaki."

Alimwendea, akavibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama vifungo vya shati la mgonjwa. Akamsogeza mpaka kwenye kichuguu cha nyasi, wakakaa. Ng'ombe alitafuna. Hatimaye Kamanda akafumbua macho.

"Sijui kuogelea."

"Hilo nalijua. Ndiyo maana tumevaa haya majaketi."

"Si hilo tu. Giza. Maji ya mchana sina ugomvi nayo. Lakini maji usiyoyaona..." Alifuta uso kwa kofia iliyolowa, akazidi kuulowesha. "Kila mwaka nilikwenda pale ofisini. Fomu naijaza yote, mpaka sahihi. Halafu nikifika dirishani narudi. Fomu kumi na moja ziko ndani ya sanduku la vifaa."

Mama Kanji alijumlisha. "Kwa hiyo huo mtumbwi umelala kwenye kamba zangu miaka kumi na mmoja kwa sababu wewe unaogopa giza?"

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya."

"Nilisemeje ili lisikike vizuri?"

Na hapo, kwenye tope, wamelowa chapachapa, wakaanza kucheka wote wawili, Kamanda kwa aibu na mkewe kwa kila kitu.

Walipotulia, Mama Kanji alimwambia wazi. Wangerudi kwenye njia kuu, na boti ya uokoaji inayofuata nyuma ingewachukua. Hakuna wa kumlaumu. Alisema hivyo kwa upole, na alipokuwa anasema akasikia moyo wake mwenyewe unanung'unika. Hakutaka kushuka. Alikuja kwa ajili ya kamba mbili za kuanikia, lakini kati ya daraja na matete yale kitu kilikuwa kimemvuta; tangu awe mke wa mtu na dobi wa mji hakuwahi kwenda popote kwa nguvu za mikono yake.

"Wewe unataka nini?" aliuliza Kamanda, na pengine ni giza lililomfundisha kuuliza.

"Nataka kufika."

"Basi kaa nyuma wewe. Ila uniongeleshe. Nikiwa mbele sikuoni. Nikisikia sauti nitajua upo."

"Niongee nini usiku kucha?"

"Chochote. Usinyamaze tu."

Wakamwaga maji, wakageuza mtumbwi, na Mama Kanji akashika kafi la nyuma. Aliusikiliza mto, akaufuata pale unaposema. Kabla ya saa sita wakarudi kwenye njia kuu. Na aliongea. Mwanamke huyu, aliyekaa miaka ishirini na sita na mifuko ya nguo za mji mzima bila kutoa neno, alifungua mifuko hiyo mmoja baada ya mwingine. Majina hakutaja hata moja. Alisimulia jino la dhahabu lililokutwa ndani ya suruali ya mtu mwenye meno yote. Alisimulia mteja aliyeleta koti kila wiki na ndani yake kijiko kimoja cha hoteli, mpaka vikatimia kumi na viwili, wiki ya kumi na tatu kikaja chombo cha sukari. Kamanda alipiga kafi huku akikisia.

"Huyo ni mhasibu wa pale kona!"

"Sijasema."

"Ni yeye! Nyumbani kwake nimekoroga chai kwa kijiko hicho!"

"Piga kafi."

Walifika kituo cha pili saa nane na nusu usiku. Binti yao alikuwa amejifunga shuka, ametembea ufukweni mpaka nyasi zimelala. Alimmulika baba yake.

"Baba, midomo imekuwa ya kijivu. Shuka, tafadhali. Inatosha."

Kamanda alishika chai kwa mikono miwili. Alitazama gari, ambalo taa yake ya ndani ilikuwa inawaka na kiti kimekunjuliwa tayari. Alitazama mto, ambao haukuonekana. Mama Kanji alijifanya anafunga kamba ya kiatu asichokuwa nacho.

"Siwezi kushuka," alisema Kamanda. "Mama yako hajamaliza habari ya suruali ya karani."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Karani mmoja alileta suruali kila Jumatatu, na kila mara mfukoni mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Mama Kanji hasomi karatasi za watu. Aliitoa, akaiweka juu ya suruali iliyopigwa pasi, akairudisha. Ikaendelea hivyo miezi minne. Siku moja alikwenda kwenye mkutano, akamkuta karani yule amesimama ukutani na viti vitupu viko tele. Akamuuliza kulikoni. Karani akamwonyesha ile karatasi: Tafadhali, mama, suruali usiitie kanji, nashindwa kukaa.

Kamanda alicheka mpaka akakosa pigo, mtumbwi ukayumba, na hakushika ukingo. Mama Kanji aliliona hilo kwa nyuma.

Kwenye lango la bwawa ilibidi washuke na kuubeba mtumbwi mita mia tatu, vichwani, kwenye njia ya mawe. Kamanda alitoa amri njia nzima, na Mama Kanji alifurahi kuzisikia, maana mtu anayetoa amri yuko hai. Baada ya hapo mikono ilikufa ganzi. Malengelenge yalipasuka. Zile saa za kabla ya alfajiri alijikaza kisabuni, neno ambalo dobi analielewa kuliko wengine, akahesabu kila mvuto kama shuka moja: hili, na hili, na hili tu.

Anga lilipoanza kupauka, waliukuta mtumbwi umefungwa kwenye tawi. Ndani yake vijana wawili wa nguo za kubana walikuwa wamelala, vinywa wazi.

"Usiwaamshe," alinong'ona Kamanda. Macho yalimng'aa. "Tunampita mtu. Hatimaye tunampita mtu!"

Waliwapita kimya kimya, mita kumi, mita ishirini. Kisha Mama Kanji akaacha kupiga kafi. Akarudi kinyumenyume, akagonga ubao wa mtumbwi ule kwa kafi, kama anavyogonga mlango wa mteja.

"Wanangu. Kumekucha. Mtachelewa."

Vijana walikurupuka, wakashukuru, wakafungua kamba, na dakika tatu baadaye hawakuonekana hata mgongo. Kamanda hakusema neno kwa kilomita mbili nzima.

"Umewaamsha," alisema mwishowe.

"Wana mama yao mahali, anawasubiri."

"Umewaamsha, mke wangu."

Kituo cha mwisho hawakukawia. Walifika mwisho wa mashindano saa tatu na dakika arobaini na sita asubuhi. Mitumbwi thelathini na mitatu ilimaliza, nao wakawa wa thelathini na tatu. Mtangazaji alikuwa ameanza kukunja nyaya za vipaza sauti, ikabidi awatangaze kwa mdomo mtupu, na alifanya hivyo kwa moyo wote. Mwenye bucha alikuwepo ufukweni, amesimama upande upande. Binti yao alilia, akasema ni moshi, ingawa moto haukuwepo. Mama Kanji alishindwa kuinua mikono. Binti alimnywesha chai kama kifaranga.

Udobi ulifungwa siku nne. Siku ya tatu Kamanda alijitolea kupiga pasi, akaunguza kola mbili na kuomba uhamisho. Kwenye benchi la bucha aliisimulia safari yote. Ng'ombe akawa fahali, kisha mafahali wawili. Lakini wakimuuliza nani aliongoza mtumbwi, alijibu bila kusita, "Mke wangu. Mimi nilikuwa injini." Mengine yaliyosemwa pale kwenye kichuguu hakuyasimulia, na mkewe naye hakuyatoa popote, aliyatunza pamoja na ya mifukoni.

Jipu lilipopona, mwenye bucha alikuja kudai nafasi yake ya mwakani.

"Ya mbele ina mtu," alimwambia Kamanda.

"Basi nipe ya nyuma."

"Ya nyuma ndiyo usiitaje kabisa."

Mto ulipopungua, watu waliokuwa wanapita darajani asubuhi za Jumapili walianza kuwaona wawili hao kwenye maji mafupi, kando ya mawe. Mama Kanji alisimama hadi kifuani, viganja viwili chini ya tumbo la mumewe, akimshikilia kama blanketi lililolowa. Kamanda alirusha miguu, akameza maji, akayatema, akayaamuru yakae sawa.

"Usikaze shingo," mkewe alimwambia.

"Nani kakaza shingo? Wewe ndiye wa kuniambia habari za shingo?"

"Tulia. Pumua. Tena, toka hapa mpaka kwenye jiwe."

Jiwe lilikuwa umbali wa mita sita. Kamanda alilitazama, akavuta pumzi, akaingiza uso majini.